Muziki wa Michezo ya Mambo ya Kale: Nani Aliimba Ziwani?

Wako ndugu zetu, tena wengine ni waalimu wenzetu, wasemao kwamba muziki katika mchezo wa kuigiza ni kama chumvi katika mboga: ukiwapo ni vema, usipokuwapo watu watakula vivyo hivyo, na chumvi ya duka lolote yafaa. Maneno hayo tumeyasikia mara nyingi, nasi tulikuwa tukinyamaza. Leo hatunyamazi, maana tumeyaona matunda yake kwa macho yetu wenyewe.

Katika parokia moja ya ufukoni mwa ziwa letu, ambayo hatutaitaja jina, vijana walitengeneza mchezo wa safari ya Padre Lourdel na Bruda Amans, wale wamisionari wa Afrika waliotoka Kageye wakavuka ziwa kwa mtumbwi, wakashuka Kigungu, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Twakiri kwamba vijana walijitahidi sana. Walishona kanzu nyeupe, wakatafuta rozari kubwa za shingoni, wakaingiza ukumbini mtumbwi wa kweli, na makafi ya kweli yakawa mikononi mwa wapigaji. Mchezo wote ulipigwa picha ili uonyeshwe baadaye katika televisheni. Basi mtumbwi ulipoanza kwenda, kijana mmoja akabonyeza simu yake iliyounganishwa na kipaza sauti, na muziki ukatoka. Ulikuwa muziki wa filamu ya Titanic, ile ya mwaka 1997, uliotungwa na James Horner kwa ajili ya meli iliyozama katika bahari ya barafu.

Watoto walioijua filamu ile wakaanza kunong'onezana, “Sasa watazama.” Wakangoja wazame. Mama mmoja, ambaye nduguye alipotea katika MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, aliinuka polepole akatoka nje, wala hakurudi. Na mzee mmoja aliyepiga kafi tangu ujana wake alicheka, kisha akasema kwa sauti ya kusikika, “Wajukuu zangu, kwa mwendo huo hamfiki hata Ukerewe.” Maana wapigaji walikuwa wakivuta makafi ovyo, kila mtu kwa wakati wake. Wangepatanaje? Muziki ule haukutungwa kwa mikono yenye kafi.

Tulipomwuliza kiongozi wa vijana kwa nini alichagua muziki huo, alijibu kwa adabu, “Mwalimu, muziki ni muziki, bora uguse moyo.” Naam, uliwagusa. Lakini uliwaambia watazamaji jambo ambalo halikutokea, kwa kuwa mtumbwi wa mwaka 1879 ulifika salama. Maneno ya mchezo yalisema kweli, na muziki ukasema uongo, tena muziki ndio ulioaminiwa. Hapo ndipo tunapoukataa mfano wa chumvi.

Wasomaji wengine huenda hawajui jinsi kazi hii inavyofanywa na mafundi wake, basi tuieleze kidogo. Picha zikiisha kukatwa na kuungwa, mtungaji wa muziki huzitazama pamoja na mwongozaji wa mchezo, nao huamua muziki uanze wapi, na unyamaze wapi. Kisha hupima kila kipande kwa dakika na sekunde, akaenda kuandika noti zitakazokaa ndani ya kipimo hicho. Mwisho wapigaji wa vyombo hukutana, nao huzipiga noti hizo zilingane na picha. Kwa kazi hiyo mtazamaji hufundishwa, bila kuambiwa neno, ni nani wa kuogopwa na ni nani wa kuhurumiwa, na safari hii ni ya nani.

Sasa tuje kwenye habari inayotuhusu sisi wa Mwanza. Tarehe 3 Agosti 1858, John Hanning Speke, akiongozwa na watu wetu, na Sidi Mubarak Bombay akiwa mkalimani wake, aliliona ziwa hili mara ya kwanza akiwa juu ya mwinuko wa nchi karibu na Mwanza. Babu zetu walikuwa wakinywa maji yake tangu zamani, lakini hilo tuliache. Mwaka 1971, shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilionyesha mchezo wa televisheni wa sehemu 6 juu ya safari hizo, uitwao The Search for the Nile, yaani kuitafuta Nile. Kenneth Haigh aliigiza kama Burton na John Quentin kama Speke. Wapiga picha walisafiri hata Afrika ili nchi ionekane kama ilivyo. Na muziki wake ulitungwa na Joseph Horovitz.

Yatupasa tumtendee haki mtu huyu, kwa kuwa wako wanaopenda kuwatukana wageni ili kuficha uvivu wao. Horovitz alizaliwa Vienna mwaka 1926, naye alikuwa mtoto tu alipokimbilia Uingereza pamoja na jamaa zake mwaka 1938, kwa sababu ya Wanazi. Alikuwa mtu aliyejua maana ya kuacha kwao. Mwaka mmoja kabla ya mchezo huo, alitunga muziki wa kuimbwa na watoto juu ya safina ya Nuhu, na watoto wa shule nyingi waliuimba kwa furaha. Alifariki mwaka 2022. Alipopewa kazi ya Nile aliifanya kama fundi aifanyavyo, kwa ustadi aliofunzwa. Hatumdai chochote. Je, nani kati yetu alimpelekea wimbo akaukataa?

Maana nyimbo zilikuwapo. Burton, asiyekuwa mwepesi wa kuwasifu watu wetu, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 habari za ngoma na pembe za misafara, na za wapagazi waimbao njiani. Na Henry Stanley ametuachia ushuhuda mkubwa zaidi. Tarehe 27 Februari 1875, baada ya siku 103 tangu watoke pwani ya Bagamoyo, msafara wake ulifika Kageye, kijiji kile kile ambacho Padre Lourdel aliondokea baadaye. Walipoliona ziwa, wapagazi waliimba wimbo wa kushangilia mwisho wa safari, mmoja akiongoza na wengine wakiitikia. Stanley aliyachapisha maneno ya wimbo huo mwaka 1878, kwa Kiingereza. Sauti yake hakuiandika.

Ndugu wasomaji, tulitafakari jambo hili kidogo. Hapa hapa ufukoni kwetu, watu waliotembea zaidi ya miezi mitatu na mizigo vichwani, wakiisha kuwazika wenzao wengi njiani kwa njaa na maradhi na vita, walifungua vinywa wakaimba. Huo ndio muziki wa safari ile. Maneno yake yamekaa katika kitabu cha kigeni, kwa lugha ya kigeni, na sauti yake imekwenda na upepo. Jina la mtungaji wa London twalijua, na mwaka aliozaliwa, na mji wake. Wala si vibaya kwamba twalijua. Lakini mtungaji wa Kageye, aliyetunga papo hapo akiwa na vumbi miguuni, tungempenda nasi tumtaje, na jina lake hatunalo.

Labda mtu atasema, “Basi tumpe kazi mtu mweusi mwenzetu, mambo yatakuwa sawa.” Si rahisi hivyo. Mwaka 1977 Wamarekani walionyesha katika televisheni mchezo wa Roots, habari za Kunta Kinte wa kijiji cha Juffure katika nchi ya Gambia, aliyekamatwa akauzwa utumwani. Muziki wake ulitungwa na Quincy Jones, Mwamarekani mweusi mwenye sifa kubwa, pamoja na Gerald Fried. Katika muziki huo umo wimbo mzuri sana ulioimbwa na Letta Mbulu, mwanamke wa Afrika Kusini. Wimbo ule wamwita Mungu “Oluwa”, nalo ni neno la Wayoruba wa Nigeria, si la Wamandinka wa Juffure. Twaupenda wimbo huo. Lakini twauliza: kama mchezo wa Wasukuma ungeimbiwa kwa Kizulu na kumwita Mungu kwa Kiganda, Wasukuma wangesema nini? Kumbe ngozi peke yake haimpi mtu sauti ya kijiji. Sauti ya kijiji huulizwa kijijini.

Tumekwisha kuwajibu wenye chumvi. Sasa wako wengine, na hawa tunawaheshimu zaidi kwa kuwa wasema kwa ajili ya imani. Hao husema kwamba nyimbo za kale ni za kipagani, na Mkristo akizirudisha, hata katika mchezo, anafufua mambo yaliyozikwa kwa ubatizo. Twajua kwamba zilikuwapo nyimbo za waganga, na kwamba Wagika na Wagalu walishindana ngoma kwa dawa. Hatusemi zote ni sawa. Lakini wimbo wa kuvuta kafi una uchawi gani? Wimbo wa bugobogobo, wa kulima pamoja kwa jembe, ulimwabudu nani? Tena Padre David Clement, Mkanada wa shirika lile lile la akina Lourdel, aliyejenga makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, aliikaribisha ngoma ya Kisukuma kwenye sikukuu ya Ekaristi Takatifu, na Bulabo yachezwa mpaka leo. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, kifungu cha 119, uliagiza kwamba mataifa yenye muziki wao wenyewe katika nchi za misioni wapewe heshima kwa muziki huo. Ikiwa ngoma imeruhusiwa kukaribia altare, itazuiwa kukaribia mtumbwi wa kuigiza?

Wengine hulia juu ya fedha: okestra ni ghali. Nani ameomba okestra? Ndono ni upinde, uzi na kibuyu. Enanga ya Wahaya ni mti uliochongwa na nyuzi zake, na kwa chombo hicho kimoja waimbaji wa Bukoba walisimulia habari za mashujaa na wafalme, hadithi na muziki vikitoka kwa mtu yule yule. Wigashe huchezwa kwa kukaa, watu wakiimba na kuyumbisha viungo. Televisheni haikuwapo, lakini mambo ya kale yaliigizwa, na muziki ulikuwa wake halisi.

Kwa hiyo shabaha yetu si London. Shabaha yetu ni sisi waalimu, na makatekista, na wakuu wa kwaya, tunaowafundisha watoto tarehe za safari na kuwaachia simu iwachagulie sauti. Frank Gunderson, mwalimu Mmarekani, alikaa kwetu akikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma, za wapagazi, wawinda tembo, wawinda nungunungu, wakamata nyoka na wakulima, naye akachapisha zaidi ya 300 katika kitabu kikubwa mwaka 2010. Kilichapishwa Uholanzi, tena kwa Kiingereza. Twamshukuru kwa moyo. Lakini ni shule ngapi za Magu, au Sengerema, au Ukerewe, zenye daftari moja tu la nyimbo za wazee wa kijiji chake? Sisi wenyewe, tuandikao haya, mpaka siku ya mchezo ule hatukuwa nalo.

Na kazi itakuja, hapana budi. Aniceti Kitereza, Mkristo wa Ukerewe, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kitabu chake cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, nacho kikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Kitabu hicho chajaa maisha ya kale ya kisiwa kile, ulevi wa pombe, arusi, uvuvi, matanga, na ngoma. Siku moja mtu atakifanya mchezo wa televisheni. Atafika Nansio na mashine zake, atauliza, “Watu wa Bugonoka waliimbaje?” Tukimwonyesha simu, atafanya kama alivyofanya kijana wetu, na hatutakuwa na kinywa cha kumlaumu.

Twawataka wenzetu wafanye hivi. Kabla ya kuandika mchezo wowote wa mambo ya kale, mwalimu aende kwanza kwa wazee na simu ile ile, arekodi, aandike jina la aliyeimba, na mahali, na kazi iliyofanywa kwa wimbo huo. Mchezo ukionyeshwa, jina la mzee litajwe pamoja na majina ya waigizaji, na ikipatikana fedha mlangoni, apate fungu lake. Asipewe soda tu na kuambiwa asante.

Juma lililofuata sisi na yule kiongozi wa vijana tulikwenda kwa mzee aliyecheka ukumbini. Alituketisha chini ya mwembe, akaomba kafi, kwa kuwa alisema hawezi kuimba mikono mitupu. Wimbo wa kwanza aliuimba wote, na vijana wakashika mwendo wake mara moja, makafi yakashuka pamoja kama kafi moja. Sasa wanaufanya mchezo upya kwa wimbo huo. Wa pili aliuanza, akafika mahali pa kuitikia, akanyamaza. Akasema kiitikio kilikuwa kazi ya mwenzake wa kisiwa cha Kome, ambaye sikuzote alikaa nyuma ya mtumbwi, na huyo amezikwa Kwaresima iliyopita.