Fungua Mashine Kwanza

Wasee, kabla ununue SSD, fungua kompyuta yako uone ndani. Mimi sikufungua. Nilienda Bungoma mjini na pesa ya vidio za miezi miwili, nikarudi Bumula na NVMe. Kufungua, napata Dell OptiPlex 3020 yangu ya mtumba haina sloti yake. Mwenye duka akakataa kurudisha pesa. Mamangu, ambaye bado hajanisamehe kuacha chuo, alicheka tu.

Kilichonidanganya ni ile namba kwa boksi: megabaiti 3,500 kwa sekunde. SATA hufika kama 550. Lakini shida ya diski ya zamani si kasi pekee. Ndani yake kuna kichwa kinachosafiri kutafuta kila faili, na Windows ikiwaka inataka faili ndogo maelfu. SSD yoyote haina hiyo safari. Ukitoka diski kwenda SATA, utashangaa. Ukitoka SATA kwenda NVMe, na kazi yako ni kuediti vidio za simu, hiyo tofauti utaitafuta na tochi.

Siku hizi naangalia TBW, yaani data unayoweza kuandika kabla waranti iishe. Crucial BX500 ya gigabaiti 480 ina terabaiti 120. Samsung 870 EVO ya 500 ina 300. Na ukiona ya terabaiti mbili kwa bei ya ndala, pita na njia yako bana.

NVMe yangu ingali kwa boksi. Mwenye mashine mpya anitafute, bei tutasikizana.