Tuhesabu Pumzi za Watoto Wetu

Ndugu zangu wazazi, walezi, na nyinyi wenyeviti wa vijiji na mitaa,

Nimonia haina subira. Asubuhi mtoto anakohoa na bado anacheza. Usiku chini ya mbavu panabonyea kila anapovuta pumzi. Kesho yake huenda tukawa makaburini. Nao ni ugonjwa unaotibika. Mtoto ambaye hajazidiwa hupewa vidonge vya amoksilini vinavyoyeyushwa kwenye maji kidogo, akavinywea nyumbani kwao. Wengi tunaowazika walichelewa kufikishwa kwenye dawa hiyo.

Tusifichane wanachelewea wapi. Wapo wanaompeleka mtoto anayekohoa kwa mkata vilimi. Wapo wanaoambiwa kwamba homa na kuharisha ni meno ya plastiki, basi kichanga anachokolewa ufizi hadi damu zinamtoka. Akishikwa degedege anafukizwa kwanza, zahanati baadaye. Na wapo wengi wanaoanzia duka la dawa, wakanunua chupa ya dawa ya kikohozi na antibiotiki nusu dozi, wakangoja siku ipite. Mama anayefika amechelewa simlaumu. Mara nyingi nauli hana, na neno la mwisho ni la baba au la bibi wa mtoto. Ndiyo maana wito huu nauelekeza kwetu sote.

La kwanza, kila mtu mzima anayeishi na mtoto ajue kuhesabu pumzi zake. Mtoto awe ametulia, halii, hanyonyi. Mfunue nguo, tazama tumbo na kifua, hesabu kila kinapopanda kwa dakika moja nzima; saa ya simu inatosha. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 2 akifikisha pumzi 60, mhesabie tena. Zikiwa hizo hizo, ondokeni. Wa miezi 2 hadi 11, mpaka wake ni 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano, ni 40. Mtoto anayekohoa akifikia idadi hiyo, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Na akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila anachopewa, akipata degedege, au akilegea na kuwa mgumu kuamka, usihesabu chochote. Ni kuondoka saa hiyo, hata iwe usiku wa manane.

La pili linahusu zahanati zetu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ambao nchi yetu imeutumia tangu miaka ya 1990, unamtaka mhudumu aulizie dalili hizo nne za hatari kwa kila mtoto mgonjwa wa kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza miaka mitano, na amhesabie pumzi kila anayekohoa. Lakini muuguzi akiwa peke yake na foleni imefika nje uwanjani, dakika hiyo moja ndiyo ya kwanza kurukwa. Mzazi una haki ya kuiomba, kwa adabu: "Sista, naomba umhesabie mtoto pumzi." Na kamati ya zahanati isiishie kuulizia dawa. Iulize pia kama saa ya kuhesabia ipo, kama mizani inafanya kazi, na kama muuguzi ana mtu wa kumsaidia siku ya kliniki.

Hapo kwenye kliniki pana uzembe wetu wenyewe. Mtoto akishachomwa sindano ya pili ya surua akiwa na miezi 18, kadi inaingia sandukuni, wakati kupima uzito kunapaswa kuendelea hadi atimize miaka mitano. Mtoto anayedhoofika huonekana kwenye kadi kabla hajaonekana kwa macho, na nimonia humwelemea upesi zaidi aliyedhoofika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Utafiti huo huo ulionyesha vifo vya watoto wa umri huo vimeshuka hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000, kutoka 67 mwaka 2015/16. Tukijitahidi, basi, inawezekana.

La tatu ni usafiri, na hili haliwezi kuachiwa familia moja. Namba 115 ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura, iliwekwa kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mtoto wa mwaka mmoja anayehema kwa shida saa nane za usiku anawategemea majirani. Kila kitongoji kiwe na madereva wa bodaboda wawili au watatu waliokubali kuamshwa, namba zao zibandikwe kwenye mlango wa mhudumu wa afya wa jamii, na mafuta yalipwe na mfuko wa kijiji.

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mwenyekiti, iweke ajenda hii katika mkutano ujao. Nanyi wananchi, asipoiweka, simameni muiombe.