BENKI IKATAE, LAKINI ITAJE SABABU

Katika matawi yetu twasikia kilio kimoja. Mwalimu, karani au fundi hupeleka benki maombi ya mkopo wa nyumba, humlipa mthamini, hungoja miezi, kisha huambiwa kwa mdomo tu kwamba maombi yake hayakukubaliwa. Haambiwi kwa nini. Hurudi nyumbani akiona haya, kana kwamba amefumaniwa akiiba. Sisi twasema haya hiyo si yake.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuzuia Mwafrika kukopeshwa. Mfanyabiashara mgeni aliyemkopesha hakuweza kumdai mahakamani bila ya idhini ya ofisa wa serikali. Walisema wanatulinda na madeni! Baada ya Uhuru, mabenki yalitaifishwa Februari 1967, na mwaka 1972 ikaundwa Benki ya Nyumba. Benki hiyo ilikufa 1995, na mwaka 2008 ikatungwa sheria ya kurahisisha rehani za nyumba. Basi mlango upo. Lakini anayefungiwa mlango bila ya neno ana tofauti gani na asiye na mlango?

Hatusemi kila aombaye apewe. Fedha za benki ni akiba za watu. Mshahara mdogo, deni la zamani, kiwanja kisicho na hati, hizo ni sababu. Lakini sababu isiyotajwa haitengenezeki. Aliyekataliwa kwa ajili ya hati ataishughulikia hati. Aliyekataliwa kwa deni alilokwisha kulilipa, lakini bado limeandikwa katika kumbukumbu za wakopaji, atapeleka stakabadhi. Asiyeambiwa kitu atafanya nini?

Huko Marekani sheria ya 1974, iliyoongezwa nguvu 1976, yamtaka mkopeshaji ajibu maombi yaliyokamilika kwa siku 30, na aliyekataliwa ana haki ya kupewa sababu zenyewe. Mabenki ya huko hayakufilisika kwa kusema sababu. Nasi twadai kila benki nchini ifanye hivyo, kwa maandishi na kwa Kiswahili.

Wewe uliyekataliwa, usinyamaze. Omba jibu la barua. Omba kuona yaliyoandikwa juu yako. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2022 yakupa haki ya kuyajua na kutaka makosa yasahihishwe. Usiporidhika, lalamika kwa benki yenyewe kwanza, kisha upeleke malalamiko yako Benki Kuu. Weka nakala ya kila karatasi.

Na ninyi makatibu wa matawi, mwenzenu asiyejua kuandika barua ya namna hii aandikiwe. Hiyo ni kazi ya tawi kama ilivyo kukusanya ada.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Benki ina haki ya kukataa. Mwananchi ana haki ya kujua.