Baridi ya Thieta

Mgonjwa akigonga meno baada ya upasuaji, tumezoea kumwambia ndugu yake, "Ni dawa tu, itaisha." Kweli itaisha. Lakini kutetemeka kule kunaulazimisha mwili kula oksijeni nyingi zaidi, na chanzo chake kilianza kabla kisu hakijagusa ngozi.

Dawa ya usingizi ikiingia, mishipa ya damu hulegea, na joto lililokuwa limetunzwa kifuani na tumboni hukimbilia mikononi na miguuni. Saa ya kwanza tu, joto la ndani laweza kushuka nyuzi 1 hadi 1.5. Sehemu kubwa ya joto hilo haijatoka mwilini, imehama. Ndiyo maana blanketi la wodini huwa limeshachelewa, na ndiyo maana toleo hili linasisitiza kumpasha joto mgonjwa angali macho. Ganzi ya mgongo nayo ina hila yake: mama anayepasuliwa ajifungue anapoa, na miguu haimwambii kitu.

Mwaka 1996 Andrea Kurz, Daniel Sessler na Rainer Lenhardt walichapisha utafiti wa wagonjwa 200 wa upasuaji wa utumbo mpana. Walioachwa wapoe, asilimia 19 walipata maambukizi ya kidonda. Waliopashwa joto, 6. Takwimu hizo tumezitumia kama rungu miaka yote. Basi tuseme na ya 2022: utafiti wa PROTECT, wenye wagonjwa zaidi ya 5,000, wengi wao China, haukuona tofauti ya maana kati ya nyuzi 37 na 35.5. Wapo watakaotaka mashine za hewa moto zirudi stoo. Wasome tena: hata wale wa 35.5 walipimwa, wakalindwa wasishuke zaidi.

Wa kwetu nani anampima? Karatasi za usingizi nilizopitia zina presha na mapigo ya moyo kila dakika tano; safu ya joto ni tupu. Eti nchi ya joto! Nje Februari inachoma, ndani kiyoyozi kimewekwa kumridhisha daktari aliyevaa gauni na glovu, wakati aliyelala mezani yu uchi. Kisha tunamtundikia dripu iliyolala kwenye baridi hiyohiyo. Lita moja yashusha joto la mwili kama robo ya nyuzi.

Kurasa za mwanzo tumewapa wauguzi wa chumba cha kuzindukia. Wao ndio humpokea mgonjwa akitetemeka.