Ghururi ya Saruji

Hapa Nduguti, kama katika miji mingi ya bara, imetamakani nyoyoni mwa watu dhana kwamba saruji ni dawa ya kila ukuta, na kwamba atakaye kulihuisha jengo la kale, liwe tembe la babu yake au jumba la tajiri, hana haja ya kuuliza limejengwa kwa vitu gani, maadamu fedha ya kununulia mifuko anayo. Dhana hiyo ni batili, na shahidi wangu yuko Unguja.

Katika Mji Mkongwe, mbele ya bandari, liko jumba lenye roshani za nakshi ambalo Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyesimamia forodha katika enzi ya Seyyid Barghash, aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887 ili liwe hospitali ya hisani. Mauti yalimkuta mwaka 1891 kabla halijatimia. Lilikamilika 1894, baadaye chini ikawa zahanati na juu makazi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 likachakaa, mpaka taasisi ya utamaduni ya Aga Khan ilipolifufua katika miaka ya 1990.

Jumba hilo, kama majumba mengine ya huko, ni la mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na ukuta wa namna hiyo hupumua: unyevu huingia na kutoka. Ukipakwa saruji, unyevu hufungiwa ndani pamoja na chumvi, nayo chumvi huula ukuta kimyakimya hata lipu ianguke na vipande vya jiwe.

Mtu ataniambia kwamba chokaa ni dhaifu. Naam, ni dhaifu, na hiyo ndiyo fadhila yake, kwani kanzu huchakaa ili mwili usalimike.

Wala asiseme mtu kwamba huku hatuna matumbawe. Udongo wa tembe hutanuka kwa mvua na kunywea kwa jua, ilhali saruji haifuati. Basi hupasuka, maji yakapenya ufani, na kiambaza kikaoza nyuma ya uso mzuri.

Kwa hiyo, ewe uliyerithi tembe, kabla hujafungua mfuko, muulize mzee aliyelikandika udongo ule aliuchimba wapi, ukalikandike kwa huo huo.