Panya wa maabara ana kibali, maiti wa Kitengela je?

Hivi majuzi nilikwenda Kitengela kumtazama binti ya dadangu. Anasomea mambo ya afya Nairobi, lakini amepanga chumba huko kwa kuwa kodi ni nafuu. Jioni, huku akikatakata vitunguu, akanisimulia kazi zao za maabara. Kabla mwalimu wao hajamdunga sindano panya mmoja mweupe, alijaza fomu juu ya fomu: panya wangapi, wataumia kiasi gani, watapewa dawa gani ya ganzi, watauawa vipi mwisho wa kazi. Kamati ikakaa, ikauliza maswali, ikarudisha fomu mara mbili. Nikamuuliza kuhusu maiti wanayosomea, ilitoka wapi. Akatua kisu. "Mjomba, hatukuambiwa. Ina nambari tu."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma sheria zetu. Kwa panya, Kenya iko macho. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, haimruhusu mtu kufanya majaribio ya kumuumiza mnyama bila leseni. Juu yake kuna Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, iliyoleta NACOSTI, ambayo mtafiti lazima aombe kibali chake. Vyuo navyo vina kamati zao. Wote hao hufuata kanuni iliyoandikwa na Waingereza wawili, Russell na Burch, mwaka 1959: ukiweza usitumie mnyama, ukimtumia tumia wachache, na hao wachache wapunguzie maumivu.

Sina ugomvi na hayo. Sisi tumefundishwa kwamba mwanamke aliyemfungia paka bila chakula atamjibu Mola wake. Panya naye ni kiumbe. Na faida yake tunaiona: dawa nyingi tunazomeza zilipita kwanza kwa panya. Hata mitishamba ya Wamaasai wa Kajiado, ile mizizi na magome wanayochemshia supu ya nyama, watafiti wa vyuo vyetu huibeba hadi maabara kupima kwa panya kama kweli inatuliza maumivu au ina sumu.

Panya mweupe maarufu kuliko wote anaitwa Wistar, na jina hilo lina hadithi yake. Lilitoka kwa Caspar Wistar, daktari wa Philadelphia aliyefariki 1818, mwalimu wa anatomia. Viungo vya binadamu alivyovihifadhi kwa kufundishia ndivyo vilivyokuwa chanzo cha makumbusho, na makumbusho yakazaa taasisi iliyoanzishwa mwaka 1892. Mwaka 1906 ndipo taasisi hiyo ilipoanza kuzalisha panya hao, na leo wamejaa maabara za dunia nzima. Kwa hiyo panya na kiungo cha ndani ya chupa walitoka nyumba moja. Tofauti ni kwamba panya alipata watetezi.

Maiti za kusomea udaktari hapa kwetu, kwa sehemu kubwa, ni maiti zisizodaiwa. Sote tumeziona zile orodha za hospitali magazetini: majina, na mengi hayana hata jina, "mwanamume asiyejulikana", kisha jamaa wapewa siku 7 waende kuchukua. Zikipita, hospitali huomba idhini ya mahakama. Wengi huzikwa kwenye kaburi la pamoja. Baadhi huishia kwenye meza ya darasa, chini ya Sheria ya Anatomia, Sura ya 249.

Sheria hii imerithi fikira za Waingereza. Edinburgh mwaka 1828, Burke na Hare walikamatwa baada ya kuua watu 16 na kumuuzia maiti zao mwalimu wa anatomia. Bunge la Uingereza likatafuta dawa, na mwaka 1832 likapitisha sheria kwamba maskini afiaye nyumba ya maskini, akikosa wa kumdai, anaweza kupelekwa kwa madaktari. Wauaji wakakosa soko, ni kweli, lakini mzigo ukatwikwa kichwani mwa fukara. Sisi tukaupokea mzigo ule ule, na mpaka leo tunao.

Sasa tazama Kitengela yenyewe. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436 katika mji huo, na Kaunti ya Kajiado nzima watu 1,117,840. Hapo zamani si za kale sana palikuwa malisho, nyumbu na pundamilia wakipita kutoka mbuga ya Nairobi. Leo ni maghorofa ya kupanga. Jirani yako wa mlango wa pili humjui kabila wala dini. Anatoka alfajiri kwenda viwanda vya Athi River, anarudi usiku. Watu wa Pwani wako wengi pale, vijana wetu wa Malindi, Kwale, Lamu, waliofuata kibarua. Na pale katikati inapita barabara ya Namanga, malori usiku na mchana.

Ukifa ghafla katika mji kama huo na mfukoni huna kitambulisho, wewe ni "asiyejulikana".

Niliyoyasikia msikitini pale yalinitia baridi. Kijana wa kwetu aligongwa na gari usiku, akalala mochari wiki tano bila mtu kujua. Polisi hawakumtambua, na nyumbani walidhani simu imeibwa. Aliyemtafuta ni muuza mahamri. Aliona mteja wake wa baada ya swala ya alfajiri haji tena, akauliza kwa mwenye nyumba, akaenda hospitali moja baada ya nyingine, hadi akamkuta. Akaoshwa, akavishwa sanda, akaswaliwa, akazikwa. Bila yule mama wa mahamri, sijui.

Najua kuna watakaosema: Waislamu mnataka madaktari, lakini hamtaki maiti kupasuliwa. Si hivyo. Baraza la Fiqhi la Rabita, lililokaa Makkah mwaka 1987, liliruhusu kupasua maiti kwa ajili ya kufundisha udaktari. Liliweka masharti: kwa maiti anayejulikana, ridhaa yake mwenyewe kabla ya kufa au ya warithi wake, kutopita kiasi cha haja, mwanamke apasuliwe na madaktari wanawake, na sehemu zote zizikwe. Mfupa wa maiti una heshima kama mfupa wa aliye hai. Hilo Mtume (SAW) ametufundisha. Kwa hiyo dini haikufunga mlango. Imeuliza tu nani amegonga hodi.

Na ridhaa inawezekana. Sheria ya Afya ya 2017 inampa mtu mzima haki ya kuutoa mwili wake kwa wasia, au kwa karatasi yenye mashahidi wawili, au hata kwa kutamka mbele yao. Ni wangapi wamewahi kuambiwa hivyo? Ni rahisi zaidi kungoja orodha ya wasiodaiwa.

Watu wa Pwani tunajua kazi ya kuomba ridhaa, maana imefanyika kwetu. KEMRI na Wellcome walipoanza Kilifi mwaka 1989, wazee walinong'ona habari za mumiani: damu ya watoto inakwenda wapi? Watafiti wangeweza kudharau. Badala yake, baada ya muda, waliketi na watu, vijiji vikachagua wawakilishi wao, mama akaelezwa kabla ya kutia sahihi. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa pale Kilifi kati ya vituo 11 vya Afrika, na R21 ikafuata. WHO imeziidhinisha, ya kwanza 2021, ya pili 2023. Hofu haikuisha yote, lakini damu ile ilitoka kwa mtu aliyeulizwa.

Na tunajua pia uchungu wa maiti bila jina. Tangu Aprili 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa Shakahola, jamaa wakatoa sampuli za DNA, wakasubiri karibu mwaka mzima hadi miili ya kwanza ilipotolewa Malindi, Machi 2024. Wengine wanasubiri bado. Familia zile hazikuwa zimewatupa watu wao. Neno "asiyedaiwa" mara nyingi lina maana kwamba anayedai hajapata habari, au hana nauli, au hana pesa za kulipa bili ya mochari.

Vyuo vya udaktari vinaongezeka, na kila kimoja kinahitaji maiti. Tusipopanga, orodha za magazetini ndizo zitakazojaza meza hizo. Ningependa kila chuo kilazimike kutangaza hadharani maiti zake zimetoka wapi na zimezikwa wapi, kama kinavyoandika idadi ya panya. Misikiti na makanisa ya Kitengela, Kajiado, Ngong na Namanga yapewe orodha za mochari moja kwa moja, na mapema, sio tangazo dogo la gazeti ambalo kibarua hanunui. Alama za vidole za kila mwenye kitambulisho ziko serikalini. Maiti apimwe kabla ya kuitwa asiyejulikana. Na kijana wako aliye bara, mwambie aandike nambari ya simu ya nyumbani kwenye karatasi, aiweke mfukoni.

Mwaka 2027 wabunge watakuja barazani kwetu na magari yao. Mimi swali langu litakuwa kuhusu Sura ya 249.