Fomu Mbele ya Macho ya Wananchi

Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa rais. Majaji wanne kati ya sita waliafikiana. Mabishano yalihusu zaidi jinsi matokeo yalivyotumwa. Mahakama iliagiza seva za tume ya uchaguzi zikaguliwe, na tume haikutii kikamilifu.

Mwaka 2022 tume hiyohiyo ilichukua hatua iliyo rahisi na ya maana sana. Picha za Fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa mtandaoni. Hiyo ndiyo fomu inayojazwa kituoni kura zikishahesabiwa mbele ya mawakala. Yeyote mwenye simu na bando aliweza kuifungua, akailinganisha na ile iliyobandikwa mlangoni. Vyombo vya habari vikaanza kujumlisha vyenyewe.

Ugomvi haukuisha. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo, na kesi ikafika tena mahakamani. Safari hii, hata hivyo, kulikuwa na kitu cha kushika: majaji walikuta fomu za mtandaoni na zile za karatasi hazikutofautiana kwa kiasi kikubwa. Madai yalipimwa kwa ushahidi ambao umma wote ulikuwa umeuona.

Hapo ndipo thamani ya teknolojia ilipo, wala si katika bei ya mitambo. Uganda, Januari 2021, intaneti ilizimwa nchi nzima kura zikikaribia, na mwananchi akanyimwa hata nafasi ya kulinganisha.